Mahindi na Mwembe

Siku moja, tulipokuwa tukifundisha darasa la tano habari za mimea, mwanafunzi mmoja alisimama akatuuliza, "Mwalimu, mtu akiwa na shamba dogo, apande nini, mahindi au miembe?" Wenzake wakacheka, kwa kuwa waliona ni swali la mtoto mvivu atakaye kukaa kivulini. Sisi hatukucheka. Swali lile tulikwisha kulijibu wenyewe miaka kadhaa kabla yake, wala si kwa chaki bali kwa jembe, na tulilijibu vibaya. Tulimwambia kijana aketi, tutamjibu juma lijalo. Juma likapita, na majuma mengine yakapita, wala hatukumjibu kwa ukamilifu, kwa sababu jibu lake lilikuwa na aibu yetu ndani yake. Leo twaomba nafasi katika kurasa hizi tumjibu yeye, na pamoja naye kila msomaji aliye na eka moja au mbili na watoto wa kulisha.

Kwanza na tutazame asili ya mimea hii miwili. Mahindi, kwa jina lake, ni kitu cha Uhindini. Walakini asili yake si Bara Hindi. Wakulima wa kale wa nchi ya Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita, waliyatoa katika jani la mwituni lenye punje chache ngumu, wakachagua mbegu mwaka kwa mwaka mpaka likawa hindi tulijualo. Baada ya mwaka 1492, Wazungu walipoanza kuvuka bahari kwenda Marekani na kurudi, ndipo mahindi yalipopata njia ya kufika Afrika. Mwembe ndio uliotoka Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo, ukavuka bahari pamoja na wafanya biashara. Na Waarabu wa Oman huliita tunda lake amba, neno lililo karibu sana na embe letu. Basi kile kiitwacho cha Kihindi kimetoka magharibi, na hiki kisichoitwa hivyo ndicho cha Kihindi. Twayasema haya ili ijulikane kwamba yote miwili ni mimea migeni kwetu, na kila mgeni huja na desturi zake. Mwenyeji asiyeuliza mgeni wake hula nini atamwua kwa njaa, au mgeni atammalizia ghala.

Mahindi ni mgeni wa haraka. Kwetu huku Bondei, chini ya milima ya Usambara, mbegu iliyotiwa ardhini mvua za masika zinapoanza huwa chakula baada ya miezi mitatu au minne. Lakini kwa haraka yake hutaka vyote na huvitaka sasa. Hutaka jua zima, wala hayakubali kivuli hata kidogo. Hutaka mvua ya kiasi cha milimeta 500 hata 800 katika maisha yake mafupi, na zaidi ya yote huitaka katika yale majuma machache yanapotoa mbelewele juu na ndevu ubavuni. Kila uzi wa ndevu zile ni njia ya punje moja: vumbi la mbelewele hupeperushwa na upepo, likaangukia uzi, na punje ikatungwa. Jua likichoma siku zile, ndevu hukauka kabla ya kupata vumbi, na hindi hutoka na mapengo kama kinywa cha kizee. Mkulima aweza kuwa amelima vema, amepanda mapema, amepalilia mara mbili, naye akapoteza yote kwa majuma mawili ya ukame.

Tena mahindi ni mlafi wa rutuba. Chakula kile ambacho wataalamu hukiita naitrojeni hukila kwa wingi, na kikipungua, majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati. Shamba lipandwalo mahindi kila mwaka bila samadi, bila mbolea, wala kunde za kulirudishia nguvu, hupungua mwaka kwa mwaka, na kiduha huota hapo na kunyonya mizizi. Wadudu nao hawalali. Mwaka 2017 kiwavijeshi kigeni kilichotoka Marekani kilionekana katika mashamba ya Tanzania. Na ghalani yumo dumuzi, aliyeingia nchini zaidi ya miaka 40 iliyopita, awezaye kuigeuza akiba kuwa unga kabla mama hajaipeleka mashineni. Na jambo moja twaliona la ajabu kuliko yote: mahindi hayawezi kujipanda. Punje zake zimefungwa katika maganda, na hindi likianguka chini zima, miche huota kwa kusongamana ikafa. Lau watu wangeacha kuyapanda, mahindi yangetoweka duniani. Hututumikia, nasi twayatumikia.

Mwembe una tabia nyingine kabisa. Huo hutaka uvumilivu mwanzoni na kuachwa huru baadaye. Kokwa yake haiwekwi akiba kama mbegu ya mahindi. Ikikaa nje majuma machache hufa, basi hupandwa mbichi. Mche mchanga hutaka maji katika kiangazi cha kwanza na cha pili, hutaka kukingwa na mbuzi, na kuondolewa majani shinani. Ule uliotoka katika kokwa hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Ule uliobebeshwa kikonyo cha mti mzuri huzaa baada ya miaka mitatu hata mitano. Lakini mzizi wake mkuu ukishapata njia, waweza kushuka futi 20 chini, ukanywa mahali ambapo mahindi hayafiki. Mwembe hata hupenda ukame kwa wakati wake. Bila miezi miwili au mitatu ya ukavu huchelea kutoa maua, na mvua ikinyesha juu ya maua, ukungu mweusi huyaharibu. Nao hautumii upepo kama mahindi. Wachavushaji wake ni nzi na wadudu wengine wadogo. Maua ni maelfu, na yaliyo mengi hupukutika bila kuwa tunda. Nao una adui zake, hasa yule nzi wa matunda mgeni aliyeonekana mara ya kwanza Afrika, katika nchi ya Kenya, mwaka 2003.

Nafasi ya mimea hii nayo hutofautiana mno. Mahindi yakipandwa sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mashimo, punje moja moja, eka moja hubeba karibu mashina 18,000. Miembe ikipandwa meta 10 kila upande, eka ile ile hubeba 40 tu. Hesabu hii tuliifundisha darasani mara nyingi bila kuona kwamba ndani yake mlikuwa na chakula cha watoto wetu.

Habari za manufaa hatuna haja ya kumfundisha msomaji yote. Mahindi ni ugali, uji, makande, bisi, na hindi la kuchoma jioni. Mabua hulisha ng'ombe, magunzi huwasha jiko. Yakikauka vema hukaa mwaka mzima katika gunia, na hapo ndipo penye nguvu yake: hukungoja mpaka uwe na njaa. Yakiwekwa na unyevu, lakini, hupata kuvu lenye sumu ambalo halionekani sikuzote kwa macho, na hilo limewaua watu. Mwembe hutupa tunda, na katika tunda vitamini A ilindayo macho ya watoto, ambayo mahindi meupe hayana. Embe changa ni achari na kachumbari. Embe bivu hukatwa na kukaushwa juani. Matawi ni kuni. Shina pana huchongwa mtumbwi pwani. Na kivuli chake ni baraza ya kijiji. Miembe mirefu yaonekana hata leo katika njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo kupita Tabora mpaka Ujiji. Na pale Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, huonyeshwa miembe kando ya mnara wa ukumbusho. Waliokula maembe njiani walikufa zamani, wengi wao wakiwa katika minyororo. Miti ingali ikizaa. Sisi wenyewe tulianza kujua a, e, i, o, u chini ya mwembe, kabla ya kijiji kupata nyumba ya shule.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Baba yetu alipofariki alituachia eka mbili, na mpakani mwake mwembe mmoja mkubwa wa dodo alioupanda yeye mwenyewe katika ujana wake. Tulikuwa tumerudi kufundisha karibu na nyumbani, tukajiona kuwa tunajua mambo. Tulifanya hesabu kwa kalamu: miembe 80 katika eka mbili, kila mti ukizaa maembe mia kadhaa, na bei sokoni kadha wa kadha. Jumla ilikuwa nzuri sana juu ya karatasi. Tukanunua miche, tukachimba mashimo, tukapanda yote. Mama wa watoto wetu aliomba eka moja ibaki kwa mahindi. Tukakataa. Akaomba basi apande mahindi kati ya miche. Tukakataa tena, kwa kuwa tulisoma mahali kwamba mche wa mti hautaki kushindana na nafaka. Kwa kweli maneno yale yaliendelea kusema kwamba yatosha kuuachia mche duara la meta moja pande zote. Lakini sisi tulilishika nusu ya neno, nusu ile iliyopendeza ubishi wetu. Hakuna elimu yenye hatari kuliko ukurasa uliosomwa nusu.

Miaka miwili ikapita. Miche ilikuwa mizuri, majani yake mekundu yakichipuka na kugeuka kijani, na watu waliopita njiani walitusifu. Nyumbani mahindi yalinunuliwa kwa debe, na fedha ya mshahara ilikwenda huko. Ikaja miezi ile kabla ya mavuno ya masika, wakati ghala zote ni tupu na bei ya mahindi hupanda kila siku ya soko. Siku moja shule ilifungwa mapema, tukarudi nyumbani mchana. Tuliwakuta watoto na uji mwepesi sana. Tukauliza, mama yenu yuko wapi? Binti yetu mkubwa akatazama chini, akasema, "Amekwenda kulima kwa watu."

Tukafuata njia aliyotuonyesha. Tulimkuta katika shamba la mtu ambaye watoto wake twawafundisha, pamoja na wanawake wawili, kila mmoja na ngwe yake. Na ujira wa ngwe ulikuwa nusu debe ya mahindi. Hakuacha kulima alipotuona. Tulisimama tumevaa viatu vya shule na kalamu mfukoni, hatujui la kusema. Alipofika mwisho wa tuta akajinyosha mgongo, akasema kwa upole, wala si kwa hasira, "Mwenzangu, miche yako ni mizuri. Lakini watoto hawali kivuli."

Tuliazima jembe, tukavua viatu, tukamaliza ngwe ile pamoja naye. Wanafunzi wetu wawili walikuwa wakitutazama toka ukingoni, nao kesho yake hawakusema neno darasani, jambo tunalowashukuru hata leo.

Jioni tulikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, ambaye shamba lake halikukosa kitu. "Shikamoo babu." "Marahaba. Umekuja kuuliza, mwalimu, au umekuja kufundisha?" Tukasema tumekuja kuuliza. Akacheka, akatukaribisha kigoda. Akasema maneno ambayo tumeyakumbuka kuliko mengi ya vitabuni: "Mtoto mchanga hulala kitanda kimoja na mama yake, na kulala huko humfaa. Akikua hutengewa mahali pake. Mwembe nao ni hivyo. Ukiwa mdogo, ulime mahindi karibu nao, kwa maana upaliliapo mahindi umeupalilia na mwembe. Ukikua mkubwa, usiulazimishe mhindi kukaa chini yake. Utapata majani matupu. Na wewe mwenye eka mbili, wataka msitu wa nini?"

Basi tulifanya kama alivyosema. Tuliacha miche 20 katika pande mbili za mpaka, iliyobaki tukaing'oa. Baadhi tulijaribu kuihamishia uwanja wa shule, ikafa yote isipokuwa miwili, kwa sababu mzizi mkuu wa mwembe ukikatwa, mti ni kama umekatwa moyo. Hiyo nayo ilikuwa fedha yetu na jasho letu. Masika yale tulipanda mahindi kwa mistari, na kunde katikati yake, tukaacha duara la meta moja kuzunguka kila mche na kulifunika kwa nyasi kavu. Tukavuna magunia tisa. Mama wa watoto aliyahesabu mara mbili, akafunga mlango wa ghala mwenyewe.

Kama habari ingeishia hapo, msomaji angesema kwamba mahindi yameshinda. Haikuishia hapo. Miaka michache baadaye mvua za vuli zilikatika mahindi yalipokuwa yakitoa ndevu, na shamba zima lilitoa magunzi. Akiba ya masika ilikwisha mwezi wa Desemba. Lakini mwezi ule ule mwembe wa baba yetu ulikuwa umeinamisha matawi, na ile michanga ilikuwa na matunda yake ya kwanza. Miti ile ilitoa maua wakati wa ukavu wa kusi, kabla ya vuli kutunyima. Ukame uliotuharibia mahindi haukuidhuru. Watoto walikula maembe asubuhi na mchana. Mengine tulipeleka barabarani, tukauza kwa ndoo, tukanunua mahindi. Hatusemi kwamba embe hushibisha kama ugali. Siku ya nne mtoto wetu mdogo alilia akitaka ugali, na mwezi wa Machi maembe yalikuwa yamekwisha, mavuno yangali mbali. Embe lilituvusha, kutukalisha halikuweza. Mwaka uliofuata mwembe mkubwa ulipumzika, kama ilivyo desturi ya miembe, ukazaa kikapu kimoja tu, na mwaka huo mahindi yalifurika. Hapo tulielewa kwamba kila mmoja una mwaka wake wa kushindwa, na aghalabu si mwaka mmoja.

Katika njaa ile walikuja watoto wa jirani mmoja na vikapu. Baba yao alikuwa amekata mwembe wa babu yake, akauchoma mkaa, akapata nafasi ya mistari michache zaidi ya mahindi. Wako watu waliotuambia tuwafukuze, ili baba yao ajifunze. Hatukuwafukuza. Yeye aliyakosa maembe kwa kutaka mahindi peke yake, nasi tuliyakosa mahindi kwa kutaka maembe peke yake. Na siku zetu za upungufu mahindi ya watu wengine yalitulisha, kwa jembe la mama wa watoto wetu. Mchumia juani hulia kivulini, husema wahenga. Lakini kivuli na jua vyote viwili hutakiwa, na mwenye kimoja tu hujikuta akiomba.

Basi, kijana wetu, jibu lako ni hili. Aliye na shamba dogo na apande mahindi kwanza, kwa maana watoto wana njaa mwaka huu, wala hawawezi kungoja miaka sita. Na mwaka huo huo achimbe mashimo machache mpakani apande miembe, kwa maana watoto watakuwa na njaa miaka sita ijayo pia, nao mti hautaota kwa siku moja kwa sababu tumeuhitaji. Auache mche na duara lake, alime mahindi kati yake mpaka kivuli kienee, kisha auachie mahali pake. Airudishie ardhi samadi na kunde, kwa sababu mahindi hayarudishi yanachokula. Asikate mti mzee kabla ya kuhesabu ni miezi mingapi kwa mwaka humlisha. Na kabla ya kufanya lolote katika haya, amwulize apikaye, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye siku ghala inapobaki vumbi.

Wewe umekwisha maliza shule, na twasikia umepewa shamba na mjomba wako. Ukiyasoma haya, njoo nyumbani kwetu. Dodo la baba yetu lingali likizaa, na kokwa zake twakupa bure. Njoo mwezi wa Januari. Usichelewe, maana kokwa ya embe haingoji.